Ukuta wa Mbao Ndani ya Landrova

Mume wangu na mama yangu walipendana sana, na kwa sababu hiyo walikuwa hawaonani. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Butiama. Mkwe akija kusalimia, mama mkwe huingia jikoni na kukaa humo mpaka mgeni aondoke. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia na kuingia shambani kwa watu, hata kama mahindi ya watu yanakanyagika. Heshima yenyewe ndiyo hiyo. Mama alimpikia kuku. Mume wangu alimletea mama sukari ya magendo kutoka mpakani, na siku moja hata mche mzima wa sabuni, kitu ambacho miaka ile mtu alikipokea kwa mikono miwili. Kila mmoja alinipa mimi salamu nimpelekee mwenzake, aliyekuwa nyuma ya ukuta wa udongo akisikia kila neno. Mjini Musoma nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini nikifika nyumbani nilikuwa simu.

Tungeendelea hivyo bila matatizo kama dada yangu asingeolewa Songea. Dada ndiye mkubwa wetu. Mume wake alikuwa bwana misitu, na serikali ilimpeleka kusini kana kwamba huku mkoani Mara miti ilikuwa imekwisha. Mara mbili dada alishika mimba, na mara zote mbili alitoka hospitali mikono mitupu, bila ndugu hata mmoja wa kukaa naye kitandani. Habari zilitufikia wakati yeye ameshaanza kushika jembe tena. Mimba ya tatu ilipovuka miezi ya hatari, alituma neno kwa dereva wa lori lililokuwa linakuja Bunda kuchukua pamba. Neno lenyewe lilikuwa fupi: mama aje.

"Safari hii hazai peke yake," mama alisema. Alisema mara moja tu, halafu akaanza kuchagua ulezi wa uji wa mzazi.

Kusema ni rahisi. Ilikuwa miaka ya themanini, nchi inatoka kwenye dhiki kwa kuchechemea. Maduka ya Musoma yalikuwa yameanza kupata vitu tena, na ukiona khanga mpya imetundikwa unasimama kuiangalia kama mgeni wa mjini. Lakini mabasi yalikuwa machache, na hayo machache yalikuwa hodari wa kulala njiani. Juu ya hayo, mama alikuwa na mgongo mbovu tangu alipoteleza kisimani na ndoo kichwani. Kukaa kwenye kiti kutwa nzima hakuweza. Ilibidi kila baada ya muda ajinyooshe, la sivyo anashindwa hata kusimama.

Hapo ndipo mume wangu alipotangaza kwamba tutakwenda na Landrova yake. Nasema Landrova kwa kumheshimu. Aliinunua kwenye mnada wa magari mabovu, ikiwa juu ya mawe, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Yeye alikuwa bwana mifugo, siku za kazi anadunga ng'ombe sindano, na Jumamosi zote za ndoa yetu alizimalizia chini ya gari lile. Nilikuwa nazijua nyayo zake kuliko uso wake. Sasa alikuwa amepata sababu. Tutaweka kitanda, akasema, tutaweka maji, mafuta, chakula na vipuri, tutakwenda mpaka Songea bila kumwomba mtu hata msumari. Macho yalimng'aa, na mimi, ambaye nilikuwa nimeapa kuliuza gari lile kama chuma chakavu, nikajikuta nacheka naye.

Kulikuwa na jambo moja tu. Katika ukoo wetu na wake, aliyejua kuendesha gari alikuwa yeye peke yake.

"Nikae gari moja na huyo bwana?" mama aliniuliza. "Nimwangalie kisogo mpaka Songea? Mimi sina adabu?"

Baba, ambaye asingewaacha ng'ombe wake hata kwa kwenda mbinguni, alisema, "Basi tembea kwa miguu."  Asubuhi yake mama aliniita jikoni akanituma. "Mwambie ajenge ukuta."

Kwa mtu mwingine ingekuwa vigumu. Kwa mume wangu ilikuwa karamu. Kwao ni ziwani, kwenye ile rasi ya wavuvi, na baba yake mdogo alikuwa fundi wa mitumbwi pale Mwigobero, ufukwe wa Musoma. Bati la kuchomelea lilikuwa adimu, gesi ya kuchomelea adimu zaidi, lakini mbao baba mdogo alikuwa nazo. Misumari aliing'oa kwenye mitumbwi iliyokufa, akainyoosha juu ya jiwe mmoja mmoja. Tukaisukuma Landrova mpaka ufukweni, katikati ya wachuuzi wa dagaa, na sehemu yote ya nyuma ikaanza kujengwa upya kwa mvule.

Baba mdogo alikuwa mtu wa majigambo, mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo. "Mimi natengenezaga chombo, sio sanduku," aliniambia siku ya kwanza. "We binti ya watu wa ng'ombe utaona."

Na kweli niliona. Sijawahi kufurahia kazi kama nilivyofurahia wiki zile. Nikitoka shuleni nilikuwa nakwenda moja kwa moja ufukweni, chaki bado ziko vidoleni. Kila siku kulikuwa na kitu kipya. Kwanza ulikuja ukuta wenyewe, kutoka sakafuni mpaka darini, ukitenganisha viti vya mbele na chumba cha mama. Halafu kitanda, na chini yake vyumba vidogo vyenye milango: cha madumu ya petroli upande mmoja, cha maji upande wa pili, mbali kabisa, kwa sababu mama alisema hataki uji wenye harufu ya gari. Springi za nyuma ziliongezewa pande moja la chuma kila upande. Juu ya keria tukafunga turubai na matairi mawili ya akiba, ambayo mume wangu aliyapata kwa kubadilishana na ndama wake wawili, na nilipogomba aliniambia ndama hawawezi kutufikisha Songea.

Petroli ilitolewa kwa kibali, na kibali kilitolewa kwa sababu. Mume wangu alikwenda ofisini, akaulizwa sababu ya safari, akasema, "Kuzalisha." Afisa alidhani anazungumzia ng'ombe. Akapiga muhuri bila kuinua kichwa.

Bunda tulikwenda kutafuta pamba. Tulikwenda Jumapili asubuhi kwa basi. Tulirudi na gunia zima. Nusu yake mimi na mama tulishindilia kwenye godoro, na nusu nyingine ikachukuliwa na baba mdogo. Nilimkuta ameketi ndani ya gari akiisokota ile pamba kama utambi mrefu, anaichovya kwenye mafuta, anaigongea katika kila mwanya kwa patasi butu. Aliziba sakafu. Aliziba kuta. Mlango wa nyuma aliuzungushia mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, na ulipofungwa ulitoa mlio wa kubusu.

"Vumbi haitaingia," alisema.

"Na maji?" nikauliza, kwa kutaka mazungumzo tu.

Aliniangalia kama nimemtukania mama yake. "Maji?" akasema. "Maji, kwenye chombo yangu?"

Siku Landrova ilipokamilika alikataa tuiwashe. Chombo kipya, alisema, huwa kinatolewa na watu. Basi wavuvi na wabeba mizigo wa Mwigobero wakashika kamba, wakaanza ule wimbo wa kuvutia mtumbwi, na Landrova ikapanda kutoka ufukweni kwenda barabarani, wakati ziwa liko nyuma yake. Mzee wa kanisa aliyekuwa anapita akaombwa kusali. Akakiombea chombo kile na wote watakaokipanda, dhidi ya mawimbi na mamba. Nikasema amina kwa nguvu zangu zote. Nilijiona tajiri, nami sikuwa na hata viatu vya kubadilisha.

Tulimchukua mama nyumbani Butiama asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha. Mume wangu alikaa kwenye usukani, uso umeelekea mbele kama askari wa gwaride, wakati mama anapanda nyuma na mito yake, ulezi wake, mfuko wa michembe, vile viazi vikavu, na kikapu cha dagaa wakavu wa kumpelekea dada. Aliponiambia nifunge, nikafunga. Mimi nilikaa mbele, kwa sababu mtu mmoja alitakiwa kusikiliza ukuta. Tulikuwa tumekubaliana: mama akigonga mara moja kwa mwiko, tusimame; akigonga mara mbili, twende. Kupaza sauti mbele ya mkwe lilikuwa jambo lisilofikirika. Kati yangu na mlango akajibana baba mdogo, aliyesema anatusindikiza mpaka Bunda tu, aone chombo chake kinavyokwenda.

Kabla ya barabara kuu kulikuwa na kijito ambacho siku za kawaida mbuzi anakivuka bila kujilowesha. Siku hiyo kilikuwa kimevimba. Mume wangu akashuka, akapima kwa fimbo, akarudi, akaweka gia ndogo, tukaingia. Landrova ilikoroma kama fahali. Maji yalipanda mpaka kwenye bampa. Na hapo katikati, mama, ambaye alikuwa anasikia joto ndani ya lile sanduku lisilopitisha hewa, alifungua mlango wa nyuma kidogo apate upepo, akaufunga akiwa amechelewa.

Sisi hatukujua. Tulichosikia ni mwiko. Ko, ko, ko, ko, ko, bila kukoma.

"Amegonga mara ngapi?" mume wangu aliuliza, jasho linamtoka.

"Nyingi!"

"Mbili, mbili, mbili!" baba mdogo akapiga kelele kwa furaha. "Anasema twende! Ongeza moto!"

Mume wangu akaongeza moto. Tukatoka kijitoni, tukapanda ukingo, tukashika barabara ya Bunda kwa mwendo ambao Landrova ile haikuwahi kuufikia. Nyuma mwiko uliendelea, halafu ukanyamaza. Nikadhani mama amelala. Kwenye kila kona tulisikia sauti ya ajabu nyuma yetu, chwaa, chwaa, na gari lilikuwa zito, linakwenda upande kisha linarudi. Baba mdogo alitega sikio.

"Sikia," akasema, uso wote unatabasamu. "Hata tone haijatoka."

Nadhani sote watatu tulielewa kwa wakati mmoja. Tulikuwa tumeshafika Bunda, sokoni, kati ya magunia ya pamba na akina mama wa nyanya. Mume wangu alifunga breki, akaruka nje, akakimbilia nyuma, na kwa hofu aliyokuwa nayo akasahau kila kitu alichofundishwa tangu utotoni. Akaufungua mlango.

Maji yakamjia kifuani. Yalikuja na michembe, yakaja na dagaa, ambao sasa walikuwa wamerudi majini walikotoka, na juu ya maji likaja godoro, na juu ya godoro mama yangu, mwiko mkononi. Mume wangu alinyoosha mikono. Akamdaka. Pale sokoni Bunda, saa ya watu wengi, mkwe akasimama amembeba mama mkwe wake kama bibi harusi.

Soko zima liligeuka kutazama. Watu walielewa vizuri sana walichokuwa wanakiona. Mume wangu akamteremsha polepole mpaka miguu yake ikagusa chini, mgongo ule mbovu haukutikisika hata kidogo, kisha akajifunika uso kwa mikono miwili, akageuka, akaenda kusimama nyuma ya gunia la pamba. Mama akaivuta khanga yake iliyolowa mpaka machoni. Hapo ndipo mwanamke mmoja wa nyanya alipoanza kucheka, na soko likalipuka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nikashika bampa.

Mama hakucheka. Tulipelekwa kwa shangazi yangu aliyeolewa palepale Bunda, tukaanika godoro juu ya ua na ulezi juu ya mkeka, na mama akakaa uani akiwa ameipa barabara mgongo. "Nirudisheni nyumbani," alisema. "Ameshanibeba. Nitakaaje tena nyuma yake mpaka huko?"

Nilimbembeleza. Shangazi alimbembeleza. Akaendelea kusema nirudisheni. Mwisho hasira zikanipanda, maana mimi sikuumbwa na subira nyingi. "Sawa!" nikasema. "Turudi! Na dada azae peke yake tena, kwa sababu wewe ulilowana!"

 Mama aliuangalia ule ulezi unaokauka, akaugeuza kwa kiganja, akaugeuza tena. Nikaanza kujuta, nikataka kuomba radhi, lakini akaniwahi.

"Muulize kama aliumia kiuno," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ni mzito."

Mume wangu alikuwa upande wa pili wa nyumba, akikamua maji kwenye mto. Nikamfikishia. Aliuweka mto chini kwanza, maana alijua jibu lile lina uzito. "Mwambie mama sikuumia," akasema. "Mwambie yeye ni mwepesi. Ndama ndio wazito, na mimi nabebaga kila siku."

Nilirudi uani nikamweleza mama neno kwa neno. Alikaza midomo. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. "Mwepesi!" akasema. "Nimezaa tisa, ananiambia mwepesi! Amenipima na ndama!" Akacheka mpaka shangazi akatoka ndani kuona kuna nini, akacheka kwa machozi, akashika mgongo wake kwa maumivu na kuendelea kucheka. Alipomaliza alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Mwambie atoboe hilo gari," akasema, "twende kwa mwanangu."

Kutoboa kulileta ugomvi mwingine. Baba mdogo alisimama mlangoni pa Landrova mikono imetanda. Tangu azaliwe, alisema, hajawahi kutoboa chombo, babu yake hakuwahi, na mtu atakayetoboa atakuwa amemzika yeye. Mume wangu alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akaazima keke kwa seremala jirani. Baba mdogo akageuza uso ukutani, hakutaka kuona. Alisikiliza keke ikizunguka kwenye mvule wake, akaguna kila ilipouma. Tundu la nne lilipotoka, aliokota kipande cha mbao bila kumwambia mtu, akatoa kisu, akaanza kuchonga vizibo. Vilikuwa vinne, vimelingana sana, na kila kimoja alikifunga uzi kisipotee.

Tuliondoka Bunda siku iliyofuata, na safari yote sitaisimulia, maana ni vumbi na pancha. Lakini niseme ukweli, ilikuwa safari nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Tulipika kando ya barabara, mama upande wake wa gari, mkwe upande wake, mimi nikizunguka na sahani. Mama alilala kwenye kitanda chake akijinyoosha atakavyo, na alipoamka alikuwa anaimba nyimbo za kanisa humo ndani, kwa sauti ya chini, na mbele mume wangu alipunguza mwendo ili asikie vizuri. Baada ya Singida alianza kumwitikia. Hawakuonana. Waliimba tu.

Tulifika dada akiwa bado na tumbo lake. Alikuwa anaanika nguo. Alipomwona mama anashuka kinyumenyume kutoka kwenye gari, aliangusha shuka kwenye matope na hakuliokota. Siku chache baadaye uchungu ulimshika, na safari hii mama alikuwa ameushika mkono wake. Mtoto alilia kwa sauti ambayo tuliisikia sote tuliokuwa nje. Alikuwa wa kiume, na alikuwa hai, na dada alikuwa hai.

Dada ndiye aliyempa jina. Alisema hana haja ya kutafuta, jina ni la aliyemletea mama, na shemeji, mume wake, akakubali papo hapo. Hakuna aliyeona tatizo mpaka mama aliponyoosha mikono kumpokea mjukuu wake, akafungua mdomo kumwita, akaufunga. Kwetu mama mkwe hatamki jina la mkwe wake, hata akiulizwa na hakimu. Alimtazama mtoto, akatutazama sisi. "Njoo, Dereva," akasema, na nyumba nzima ikacheka. Dereva huyo leo ni mtu mzima, ni mfamasia, na hajawahi kugusa usukani.

Jioni ile nilileta beseni la maji ya kumwogeshea. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, dada amesinzia. Nikasimama, kwa sababu mama alikuwa anazungumza. Alikuwa amempakata mtoto, mdomo karibu kabisa na sikio lake, na alikuwa analitamka lile jina, lote, la mume wangu, taratibu kama mtu anayekanyaga mahali asipopajua.

"Asante, baba," alimwambia. "Umenifikisha."

Mtoto akapiga chafya. Nilibaki pale nje na beseni langu mpaka maji yakaanza kupoa.